Njia Mbili za Upanga: Mgonjwa Baina ya Hospitali ya Umma na ya Binafsi

Mtu akishuka daladala katika Barabara ya Umoja wa Mataifa, Upanga, asubuhi kabla jua halijapanda, ataona watu wengi wakielekea upande mmoja. Wamebeba chupa za chai, vyombo vya uji vilivyofungwa kwa kanga, mikeka, na bahasha kubwa za kaki zenye picha za eksirei. Hao ni watu wa Muhimbili. Wengi wao si wagonjwa. Ni ndugu wa wagonjwa, waliotoka Mbagala, Chanika au Bunju usiku wa manane ili wawahi saa ya kuona wagonjwa. Mtu huyo huyo akiupa mgongo umati ule, akavuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na kushika njia ya mashariki, haupiti muda mrefu kabla hajaanza kupigwa na upepo wa bahari. Upande huo atakuta hospitali za binafsi zenye milango ya vioo, ubaridi wa viyoyozi na maua kwenye mapokezi. Humo hataona mkeka.

Nimeitembea njia hiyo mara nyingi. Katibu wa kamati ya msikiti ndiye anayepigiwa simu muumini anapolazwa, anapokwama kwenye dirisha la malipo, au anapofariki. Na mwaka 2024 niliitembea kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe, kwani katika majuma machache nilikuwa mgonjwa wa pande zote mbili.

Wapita njia wengi hawajui kwamba mgawanyiko huu wa Upanga na ufukwe una umri wa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1890, Wajerumani walipojenga hospitali yao nyeupe kando ya bahari, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa mahali pengine, katika hospitali iliyopatikana kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Muislamu wa madhehebu ya Ismailia kutoka Bagamoyo, aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya kwenda bara na kufariki mwaka 1897. Hospitali iliyobeba jina lake ilihudumu mpaka mwaka 1956, ndipo nafasi yake ikachukuliwa na hospitali mpya ya Upanga iliyoitwa Princess Margaret, kwa jina la binti wa kifalme wa Uingereza. Baada ya Uhuru likaja jina la Muhimbili. Hata hivyo Sewa Haji hakusahauliwa. Jina lake liko juu ya jengo la wodi pale Muhimbili hadi leo, jirani na Kibasila na Mwaisela, na kila siku utawasikia watu wakiambizana kwa simu, "Tuko Sewahaji, panda juu," bila kujua kwamba wanamtaja marehemu ambaye sadaka yake bado inatembea.

Wala hospitali za binafsi za kibiashara hazikuwapo wakati wote. Baada ya Azimio la Arusha nchi ilichukua msimamo kwamba ugonjwa wa mtu usiwe bidhaa, na sheria ya mwaka 1977 ikazuia utoaji wa tiba kwa lengo la faida. Zilibaki hospitali za serikali, pamoja na zile za mashirika ya dini na ya hisani. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao. Mwaka 1993 hospitali za serikali nazo, ambazo wazazi wetu walitibiwa humo bila ya kulipa, zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Kwa hiyo katika miaka miwili tu mlango wa fedha ulifunguliwa pande zote mbili. Sisi tuliozaliwa kuanzia wakati ule hatukuonja hali nyingine, ndiyo maana tunadhani mambo yalikuwa hivi tangu Adam.

Bima ilikuja kuziba pengo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, mtumishi akichangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa kadi yake mimi na watoto tumetibiwa tangu tulipooana, na kadi hiyo inakubaliwa na hospitali za umma na za binafsi zilizosajiliwa na Mfuko. Naeleza haya mapema ili msomaji ajue kwamba niliingia katika safari hii nikiwa na kile ambacho wengi wa wenzangu msikitini hawana.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ngiri. Siuonei haya kuutaja, kwa sababu wanaume wengi huuficha, wakanywa mizizi na kujifunga mikanda, mpaka siku utumbo unapobanwa na upasuaji wa kupangwa ukageuka kuwa wa dharura. Nilianzia hospitali ya binafsi. Nilifika saa kumi na moja jioni baada ya kazi, nikaandikishwa kwa dakika chache, nikaonana na daktari bingwa kabla ya magharibi. Akanipima kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, akanichorea ngiri kwenye karatasi, akanieleza juu ya wavu unaoshonewa ndani ili misuli isiachie tena. Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nayo, naye hakuangalia saa. Vipimo vya damu na ultrasaundi vilikamilika jioni ile ile. Nikapangiwa upasuaji Jumatatu ya tarehe 4 Machi, siku chache kabla ya Ramadhani, ili mwezi mtukufu unikute nimeshapata nafuu.

Ijumaa ya tarehe 1 Machi ndipo kitita kipya cha mafao cha Mfuko kilipoanza kutumika. Wamiliki wa hospitali binafsi walikuwa wamelalamika kwamba bei zilizowekwa hazikidhi gharama zao. Mfuko ulisema bei zimefanyiwa utafiti. Na hospitali kadhaa zikasitisha kuwahudumia wanachama. Sikusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninalolijua ni lile lililonifika. Nilipigiwa simu na dada wa mapokezi, kwa sauti ya upole sana, akaniambia kwamba nafasi yangu ya Jumatatu bado ipo iwapo nitalipa taslimu. Kiasi alichonitajia kilizidi mishahara kadhaa ya mke wangu. Nilimshukuru, nikakata simu. Baadaye pande zile zilizungumza na huduma zikarejea, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka upande wa pili.

Hospitali ya umma niliyoelekezwa ina geti lenye mama lishe pande zote mbili, na nyuma ya geti pana benchi refu la saruji ambalo nadhani nimeketi juu yake muda mrefu kuliko nilivyoketi katika ukumbi wowote wa chuo. Unafika alfajiri kuchukua namba. Namba inakupeleka kwenye usajili, usajili kwenye dirisha la bima, dirisha la bima kwa daktari wa awali, daktari wa awali kwenye maabara, na maabara inakurudisha pale pale mwanzo. Siku ya kwanza nilitoka saa tisa alasiri nikiwa nimepata kipimo kimoja. Siku ya pili nilimwona daktari kwa muda ambao mtu asingemaliza kusoma Yasini. Alikuwa na wagonjwa wengine wamejaa mlangoni, wawili kati yao wakiwa wamesimama ndani ya chumba hicho hicho wakinisikiliza nikieleza kinena changu. Nikapangiwa upasuaji baada ya Idi. Sikulalamika; nilifunga Ramadhani na ngiri yangu, nikajiepusha na kubeba vitu vizito, na vijana wa msikitini wakakataa nisiguse hata jagi la uji wa futari.

Siku ya upasuaji nilivalishwa joho la kijani nikasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari aliyeniinamia ili anisalimie, akiwa ameshavaa barakoa, alikuwa ni yule yule wa jioni za ufukweni. Nilimtambua kwa sauti. "Ustadh," akaniambia, "kumbe tumekutana huku." Ndivyo ilivyo kwa mabingwa wengi: asubuhi ni watumishi wa serikali, jioni wanahudumia hospitali za binafsi, na wagonjwa wa pande zote mbili hupita katika mikono hiyo hiyo. Alinishonea wavu ule ule aliokuwa amenichorea kwenye karatasi. Ganzi ya mgongoni ilikuwa ya namna moja. Tofauti ilikuwa kwamba kule angenihudumia baada ya siku nne na kunieleza kila hatua, na huku nilisubiri majuma sita, naye alikuwa na watu wengine wanne wa kupasua kabla ya adhuhuri.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza wapi kuna tiba bora, namwambia swali hilo halikuulizwa vizuri. Ukiwa na ajali mbaya, moyo ulioharibika au mtoto mwenye kichwa kikubwa, mara nyingi hospitali ya binafsi yenyewe itakuandikia barua ya kukupeleka Muhimbili, kwa sababu pale ndipo zilipo Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wataalamu ambao hawapatikani mahali pengine nchini. Kinachouzwa ufukweni kwa sehemu kubwa ni muda na sitara. Na hivyo viwili si vitu vidogo. Muda unaweza kuwa ndio uhai wenyewe, na sitara kwetu sisi ni sehemu ya dini.

Juu ya sitara nina neno kidogo, na kina mama wasomaji wa ukurasa huu watanielewa. Wodini kwetu vitanda vilitenganishwa kwa nafasi ya mtu mmoja kupita. Pazia la kuzungushia kitanda lilikuwa moja, nalo lilihamishwa kwa yule anayesafishwa kidonda. Wanaume tulivumilia. Lakini mke wangu, aliyejifungulia mtoto wetu wa kwanza katika hospitali ya umma na wa pili katika ya binafsi, alinieleza kwamba alichokikumbuka zaidi upande wa pili ni muuguzi kumuuliza, kabla ya lolote, kama angependa ahudumiwe na mwanamke. Si kwamba wauguzi wa umma hawana huruma. Mkunga aliyempokea mtoto wa kwanza alifanya kazi usiku kucha peke yake, na mke wangu humwombea dua mpaka leo. Ila swali lile halikuulizwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumbadili. Kuuliza swali hilo hakuhitaji jengo jipya wala mashine. Kamati zetu za wanawake zingeweza kulifikisha kwa waganga wafawidhi kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kuna jambo nililolipata wodini ambalo chumba cha peke yako hakiwezi kukupa. Usiku wa kwanza, ganzi ilipoanza kuisha, mzee wa kitanda cha jirani, mvuvi kutoka Mafia, aliniita kwa sauti ya chini: "Ustadh, kibla ni upande gani?" Dar es Salaam kibla iko karibu kabisa na kaskazini, na kwa bahati dirisha letu lilitazama huko. Nikamweleza namna ya kuswali kwa kulala ubavu wa kulia, na tayamamu kwa asiyeweza kugusa maji. Alfajiri tulikuwa watano, kila mmoja kitandani pake, tumeelekea dirisha moja. Kijana mmoja Mkristo aliyevunjika paja ndiye aliyekuwa akituamsha, kwani maumivu hayakumwacha alale. Uji wa mke wangu ulinywewa na watu wanne. Ndugu wa mgonjwa mmoja walimgeuza mgonjwa mwingine ambaye hakuna aliyekuja kumwona.

Mzee yule wa Mafia hakuwa na kadi. Umri wake ulizidi miaka 60, na sera ya nchi inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo, kama ilivyo kwa mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini msamaha huo una njia yake: barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii wa hospitali ambaye humhoji na kuidhinisha. Barua ilikuwa kisiwani. Mwanawe alikuwa tayari amekopa kwa tajiri wa mashua na kununulia dawa duka la nje, kwa kuwa hakuambiwa mapema kwamba ofisi ya ustawi wa jamii ipo, tena iko ghorofa ya chini ya jengo lile lile. Nilimwomba mke wangu amsindikize kijana mpaka mlangoni. Afisa alimpokea vizuri. Barua ikapigwa picha Mafia na kutumwa kwa simu, na siku mbili baadaye mzee akaruhusiwa bila ya deni la hospitali. Deni la tajiri wa mashua lilibaki.

Nalisimulia hili kwa sababu katika kamati yetu nimeona familia zikiuza kiwanja kulipia kitu ambacho kwa sheria kilikuwa haki yao bure, na nimeona pia familia zikimkimbiza mzazi hospitali ya binafsi kwa pupa, usiku, kwa heshima ya jina tu, pasi na kuuliza bei ya kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku. Siku tatu zinatosha kumaliza akiba ya miaka. Kisha ndipo tunapigiwa simu.

Simu ngumu kuliko zote ni ya maiti. Uislamu unatuhimiza kuharakisha kumzika maiti, na familia huwa imekwisha kutangaza kwamba mazishi ni baada ya swala ya adhuhuri. Kaburi limechimbwa, sanda iko tayari, waoshaji wamekaa, halafu inakuja habari kwamba mwili hautoki mpaka deni lilipwe. Yamewahi kutokea kwa hospitali za pande zote mbili, ingawa serikali imekwisha kuelekeza kwamba maiti zisizuiwe kwa ajili ya madeni. Mwaka jana tulikaa kwenye baraza ya msikiti na simu zetu kuanzia alasiri hadi isha tukichangishana kwa ajili ya mama mmoja mjane aliyefariki hospitali ya binafsi. Fedha zilipatikana, Alhamdulillah, akazikwa usiku kwa taa za pikipiki. Lakini mhasibu wetu, mtu asiyesema sana, alifungua daftari akatuonesha kwamba tulichokitoa jioni ile kwa mtu mmoja aliyekwisha kufa kingezilipia bima familia kadhaa hai kwa mwaka mzima.

Kabla ya hapo tulikuwa tukiwalipia mayatima wa mtaa Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Usajili ule wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023, fedha hizo zikarudi kwenye michango ya dharura, na hatukukaa tena kufikiri. Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Daftari la mhasibu lilitulazimisha kufikiri upya.

Mjadala haukuwa mwepesi. Wapo waliosema bima ni kamari. Niliwakumbusha kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1985, ilipambanua baina ya bima ya kibiashara, ambayo iliizuia, na bima ya kusaidiana, ambayo iliikubali. Na kwa maoni yangu mfuko wa umma usiogawana faida na mtu yeyote uko karibu zaidi na hiyo ya pili. Wapo waliotaka tukusanye fedha tujenge zahanati yetu wenyewe. Hao walinitia hamu, kwa kuwa historia yetu imejaa mfano huo: hema la Rufaida lililopigwa msikitini Madina kwa ajili ya majeruhi, bimaristani ya Nuruddin mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, iliyowekewa wakfu ili tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, watibiwe bila ya kulipa. Lakini Qalawun alikuwa na hazina ya dola, na sisi tuna kapu la Ijumaa. Jengo ni rahisi kuanzisha. Mshahara wa mganga wa mwezi wa kumi na tatu ndio unaoziua zahanati za misikiti.

Likabaki swali la zaka. Je, inafaa kulipia bima ya maskini kwa mali ya zaka? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, zaka sharti imilikiwe na anayestahiki, na hapa fedha inaingia kwenye mfuko bila ya kupita mkononi mwake. Sheikh wetu alitupa njia: maskini mwenyewe awakilishe kamati, kwa hiari yake na baada ya kuelezwa, impokelee haki yake na kumlipia. Asiyetaka apewe fedha zake mkononi, wala asilaumiwe.

Nimeiandika karatasi hiyo ya uwakala. Ina mistari mitatu na nafasi ya mashahidi wawili. Nyuma yake nimechapisha jambo jingine, kwa herufi kubwa: nani anastahiki msamaha, barua inatoka wapi, na kwamba afisa wa kuulizwa ni wa ustawi wa jamii. Mpaka Ijumaa iliyopita kaya kumi na moja zimesaini, mbili kwa dole gumba. Mzee mmoja alirudisha yake akisema anataka fedha mkononi, ana mabati ya kununua kabla ya masika. Tumempa.